Filta ya gia: Usinunue kwa jina la pikapu

WAKULIMA na wachuuzi wa mazao wanaotumia pikapu za zamani zenye gia za otomatiki hujikuta wakinunua giaboksi nzima kwa sababu ya hitilafu iliyoanzia kwenye kifaa kidogo kilichofichwa chini ya gari. Kifaa hicho ni filta ya gia, ambayo wengine huiita chujio la hydroliki.

Ni kitu ambacho mwenye gari anaweza kukaa nacho miaka kumi bila kukiona. Filta ya oili ya injini inaonekana, na kila fundi wa kijiweni anajua kuifungua. Ya gia imo ndani ya sampu ya giaboksi. Ili kuifikia ni lazima gari lipandishwe, sampu ifunguliwe na oili imwagike. Ndiyo maana hubadilishwa mara chache, na inapobadilishwa makosa huwa mengi.

Dukani mazungumzo ni mafupi.

“Naomba filta ya gia ya Hilux.”

“Ya mwaka gani, bosi?”

“Tisini na sita.”

Muuzaji anapanda ngazi, anashusha boksi, analipangusa vumbi na kutaja bei. Wanapatana na mteja anaondoka. Hakuna aliyeuliza ni giaboksi gani, wala kama gari linavuta magurudumu mawili au manne. Boksi lile linaweza kuwa na filta safi kabisa, mpya, ya kampuni inayojulikana, na bado likaua gari.

Sababu ni kwamba kiwanda kimoja, katika mwaka mmoja, kinaweza kuweka giaboksi tofauti kwenye pikapu zinazofanana kwa sura na kwa jina. Pia pikapu yenye umri wa miaka ishirini au thelathini imepita mikono mingi. Huenda giaboksi iliyomo sasa siyo iliyotoka nayo kiwandani.

Je, gari lako lina filta hiyo?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini lianze. Pikapu nyingi zinazobeba mizigo vijijini Afrika Mashariki ni za gia za mkono, zile ambazo mafundi huziita manyuo. Giaboksi ya namna hiyo kwa kawaida haina filta ya kubadilisha. Ina meno yanayozunguka ndani ya oili nzito, na mara nyingi boliti ya kumwagia oili ina sumaku ya kunasa unga wa chuma. Ukibadilisha oili na kusafisha sumaku hiyo, kazi imekwisha.

Kwa hiyo anayeuziwa “filta ya gia” kwa pikapu yenye pedeli tatu aulize kwanza itafungwa wapi.

Otomatiki ni habari nyingine. Humo ndani oili siyo ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma, inayobana klachi, inayobadilisha gia na inayopitisha nguvu ya injini kupitia konveta. Pampu huivuta kutoka kwenye sampu, na njia pekee ya kuifikia pampu ni kupitia filta. Filta ikiziba, pampu inakosa oili. Presha ikishuka, klachi za ndani hazibani sawasawa, zinateleza na kuungua. Masizi yake yanarudi kwenye sampu na kuizibisha filta zaidi.

Dereva huanza kuona gari linachelewa kushika gia asubuhi. Baadaye injini inanguruma juu lakini mwendo hauongezeki. Wakati mwingine husikika mlio mwembamba kama wa nzi mkubwa, unaopanda kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Huo ni mlio wa pampu inayovuta kwa shida.

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ni mfano mzuri wa mahali ambapo ugonjwa huu hujitokeza. Ni mwinuko mrefu wenye kona kali. Pikapu inayopanda na mifuko ya mbolea inachemsha oili ya gia kuliko ikiwa tambarare, na oili ikishapita nyuzi 100 hivi uhai wake hupungua haraka. Gari lililokuwa “zima tu” likiwa Korogwe linaanza kuteleza kabla ya kufika Soni. Mwenye shamba anasubiri juu na kabichi zimeshakatwa.

Kibati kinasema zaidi ya kadi

Njia ya uhakika ya kuanzia ni kibati kilichogongwa maandishi, ambacho kwa magari mengi ya Japan hukaa kwenye ukuta wa chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kadi ya gari itakupa mwaka, rangi na namba ya chesisi. Kibati kinakupa alama ya giaboksi.

Kwa Toyota, tafuta mstari wenye neno TRANS. Alama inayoanza na herufi kama G, R au W, kwa mfano G54, R150 au W56, ni ya gia za mkono. Inayoanza na A, kama A43D au A340, ni ya otomatiki.

Hapo usisimame. Giaboksi ya A340, ambayo imetumika kwenye Hilux nyingi na ndugu zake tangu miaka ya 1980, ina matoleo kadhaa na herufi ya mwisho ina maana. A340E ni ya gari linalovuta magurudumu ya nyuma peke yake. A340F ni ya gari la magurudumu manne lenye mti wa kuingiza gia ya pili. A340H nayo ni ya magurudumu manne, ila mpangilio wake wa kuhamisha nguvu mbele ni wa hydroliki. Mteja anayesema “A340” peke yake amefika nusu ya njia.

Nissan nao huandika alama ya giaboksi kwenye kibati. RE4R01A, kwa mfano, ni otomatiki ya gia nne iliyofungwa kwenye magari mengi ya kampuni hiyo, zikiwemo pikapu. Hapa pia aulizwe mwenye gari kama linavuta magurudumu mawili au manne, kwa kuwa sampu na chujio vinaweza kutofautiana.

Alama hiyo pamoja na namba ya chesisi vikiandikwa kwenye karatasi na kupelekwa dukani, muuzaji mwenye katalogi atatoa namba ya spea. Namba ya spea ndiyo inayonunuliwa, wala siyo jina la gari. Maduka yasiyo na katalogi yapo mengi na baadhi yana wazee wenye kumbukumbu ya ajabu, lakini kumbukumbu ya mtu haina namba ya chesisi yako.

Na kama giaboksi ilishawahi kubadilishwa? Basi kibati kinakudanganya bila kukusudia. Hapo itabidi uangalie giaboksi yenyewe, na kubwa zaidi, filta ya zamani.

Boliti zinahesabika, lakini hazitoshi

Wamarekani, ambao pikapu zao zimekuwa na otomatiki kwa miongo mingi kuliko za Japan, wana desturi ya kulala chini ya gari na kuhesabu boliti za sampu. Ni desturi nzuri. Sampu ya Ford C6 ina boliti 17. Ile ya Chevrolet 700R4 ina 16 na umbo lake ni karibu mraba.

Lakini ukifika kwenye Turbo 350 na Turbo 400, giaboksi mbili za General Motors zilizojaa kwenye pikapu za miaka ya 1970, hesabu inakwama: zote mbili zina boliti 13. Kinachozitenganisha ni umbo. Ya 350 ni mraba uliokatwa kona moja. Ya 400 ni ndefu na imepindapinda. Mtu aliyehesabu boliti bila kutazama umbo anarudi nyumbani na filta isiyoingia.

Huyo ana bahati, kwa sababu amegundua kosa. Hatari kubwa ni filta inayoingia vizuri huku si yake.

Hilo hutokea kwenye kina. Giaboksi moja inaweza kuwa na sampu fupi kwenye gari moja na sampu ndefu kwenye jingine. Ford wa miaka ya 1990 wenye giaboksi ya E4OD ni mfano unaojulikana, kwa kuwa filta ya gari la magurudumu mawili na ile ya magurudumu manne zina urefu tofauti. Chevrolet wa 700R4 na mrithi wake 4L60-E nao wana sampu fupi na ndefu.

Weka filta fupi kwenye sampu ndefu uone. Gari likisimama, kila kitu ni sawa. Likiingia kona au likipanda mlima, oili inalala upande mmoja, mdomo wa filta unabaki hewani na pampu inavuta hewa. Oili yenye hewa ni povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Gari linateleza kwenye kona, likinyooka linakaa sawa. Fundi akilijaribu kwenye barabara iliyonyooka anasema halina tatizo.

Weka filta ndefu kwenye sampu fupi, itagandamizwa na sakafu ya sampu. Mdomo wake unazibwa, au sampu inakataa kukaa na fundi anaibana kwa nguvu mpaka inapinda. Oili inaanza kuvuja, na lawama zinapelekwa kwa gasketi.

Dawa yake haina gharama. Filta ya zamani isitupwe. Iende dukani ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, iwekwe kaunta pembeni ya mpya, na vipimwe kwa rula: urefu wa shingo, kina cha mwili, mahali pa matundu ya boliti, upande wa mdomo. Gari likae juu ya stendi wakati huo. Kumbe usumbufu ni kwamba shughuli itachukua siku nzima badala ya saa mbili, na kwa mwenye mzigo sokoni siku ni fedha. Basi ipangwe siku isiyo ya soko.

Wavu au kitambaa

Ndani ya maboksi hayo kuna aina mbili kuu. Ipo ya wavu wa chuma, ambayo Toyota na Nissan za zamani wameitumia sana. Ipo ya kitambaa kizito, kinachofanana na blanketi, kilichofungiwa ndani ya bati au plastiki.

Wavu huzuia vipande vikubwa na kuacha vumbi laini lipite. Faida yake kwa mtu wa kipato cha kawaida ni kwamba unaweza kuoshwa. Ukisafishwa kwa mafuta safi, ukapulizwa kwa hewa na kukauka, na kama haujachanika wala kupinda, unarudi kazini. Kwa pikapu ambayo spea yake haipatikani wilayani, wavu halisi uliooshwa ni salama kuliko mpya usiojulikana ulikotoka.

Kitambaa hunasa vitu vidogo zaidi, ila hakioshwi. Kinachonaswa kinaingia ndani ya nyuzi na hakitoki, hata kikitolewa maji meupe. Fundi anayesema ameosha filta ya kitambaa ameosha nje yake tu.

Kutokana na hayo, filta ya mtumba kutoka Japan inayouzwa pamoja na giaboksi iliyobomolewa siyo ya kudharau, ikiwa ni ya wavu na imetoka kwenye giaboksi yenye alama ileile. Ya kitambaa iliyokwisha kutumika iachwe pale pale.

Kwa filta mpya, tazama mshono unaounganisha bati la juu na la chini. Ukiwa na uwazi, hewa na uchafu vitapita hapo. Shika shingo uitikise: isicheze. Angalia oringi au sili ya shingoni iko ndani ya boksi na siyo ngumu kama plastiki. Boksi zuri lina gasketi ya sampu pia. Wakati mwingine kuna gasketi mbili au sili mbili kwa kuwa boksi limekusudiwa magari zaidi ya aina moja. Inayofanana na ya zamani ndiyo ifungwe. Nyingine siyo ya kuongezea juu.

Mahali filta njema huharibiwa

Filta sahihi ikifungwa vibaya inaleta dalili zilezile za filta mbaya, na mteja anarudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa.

Kosa la kwanza ni sili ya zamani. Kwenye giaboksi ambazo shingo ya filta inachomekwa ndani ya pampu, sili huweza kubaki juu wakati filta inatoka. Fundi asipoangalia kwa tochi, anachomeka mpya juu ya ile ya zamani, au anaiacha ya zamani iliyokwisha kukakamaa ifanye kazi. Hewa inaingia.

La pili ni silikoni. Mafundi wetu wanaipenda, na kwenye kazi nyingine wanayo haki ya kuipenda. Kwenye sampu ya otomatiki, silikoni iliyopakwa kwa wingi hubanwa ikamwagikia ndani, ikakauka na kukatika vipande. Vipande hivyo vinafuata mkondo wa oili hadi kwenye mdomo wa filta iliyofungwa dakika thelathini zilizopita. Kama gasketi ipo na uso wa sampu ni mnyoofu, silikoni haihitajiki.

Boliti za sampu ni ndogo na hazitaki nguvu za gurudumu. Kwa A340, kipimo cha Toyota ni kama Nm 7 tu, nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Boliti ikikatikia kwenye alumini, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Matambara yenye nyuzi yasiingie humo. Faneli ya kumiminia iwe safi, kwani ile inayoning'inia kwenye mti wa gereji imejaa mchanga.

Halafu oili yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za zamani, kijiti cha kupimia kimeandikwa aina ya oili inayotakiwa, kwa mfano Dexron. Kisomwe. Giaboksi za baadaye hutumia oili nyingine, na baadhi hazina kijiti kabisa bali boliti ya kupimia pembeni. Oili nzito ya gia za mkono au oili ya injini haina nafasi humo hata kwa dharura ya kilomita tano.

Ukifungua sampu ya A340 hutoka lita 2 hivi, wakati giaboksi nzima inabeba zaidi ya lita 7. Nyingine imebaki kwenye konveta na mabomba. Rudisha kiasi kilekile kilichotoka, washa injini, pitisha gia zote taratibu kisha urudi kwenye P, na upime injini ikiwa inaunguruma, oili ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare. Anayepima injini ikiwa imezimwa atadhani oili imezidi.

Sampu inazungumza

Kabla ya kuosha sampu, itazame. Kwenye sumaku zake kutakuwa na tope laini la kijivu. Hilo ni la kawaida kwa gari la umri huo. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku vinaonyesha beringi au meno yanaliwa. Vipande vya rangi ya dhahabu, ambavyo sumaku havivishiki, vinatoka kwenye bushi. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ina maana klachi zimeshaumia.

Oili ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yametoka kwenye rejeta, kwa sababu magari mengi hupoza oili ya gia humo humo. Pikapu inayovuka mito huweza pia kuyaingiza kupitia tundu la kupumulia. Kubadilisha filta bila kuziba mahali maji yanapoingilia ni kutupa fedha.

Hapo ndipo linapokuja suala ambalo mafundi wenyewe hawakubaliani: gari ambalo oili yake haikubadilishwa kwa miaka mingi liguswe au liachwe? Wapo wanaosema likiguswa litakufa. Ukweli ulio karibu ni kwamba linalokufa baada ya kuguswa kwa kawaida lilikuwa limeshaungua, na mwenyewe alilipeleka gereji kwa sababu lilikuwa linateleza. Kama linashika gia vizuri na oili haijanuka, kumwaga ya kwenye sampu na kubadilisha filta ni jambo la busara. Kulifulia kwa mashine ya presha ni kulichokoza. Kama linateleza tayari na sampu imejaa vipande, filta mpya haitalirudisha, na ni afadhali fedha hiyo iwekwe kwa ajili ya giaboksi.

Wanaobeba mizigo milimani huongeza rejeta ndogo ya kupozea oili, na baadhi hufunga filta ya nje kwenye bomba linalorudisha oili kwenye giaboksi. Ina mshale wa kuonyesha mwelekeo, na ikigeuzwa inaziba njia. Inasaidia ile ya ndani, haiondoi haja yake.

Kuhusu muda, vitabu vya magari hutenganisha matumizi ya kawaida na magumu, na mizigo, vumbi na milima vyote vimo kwenye magumu. Wengi hubadilisha kati ya kilomita 40,000 na 50,000. Siku ya kazi hiyo, alama ya giaboksi, namba ya spea, aina ya oili na kilomita za kwenye dashibodi ziandikwe kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa boneti, mahali ambapo hata atakayelinunua gari hilo ataziona. Baada ya siku tatu za safari fupi, chini ya sampu pakaguliwe kama pamelowa, na kijiti kipimwe tena.